Uganda: Ni lini fundi wa umeme mwenye kibali hana budi kuitwa nyumbani?

KAMPALA – Pasi, birika na jiko la umeme vikiwashwa kwa wakati mmoja jioni, breka ikaanguka na nyumba ikaingia gizani, huenda hakuna jambo la kutisha. Breka hiyo hiyo ikianguka tena ilhali kila kifaa kimechomolewa kwenye soketi, basi kasoro imo ndani ya kuta, na kazi ya mwenye nyumba imefika kikomo. Kuanzia hapo anatakiwa fundi mwenye vipimo.

Baina ya hali hizo mbili zipo dalili nyingine ambazo wakazi wa miji yetu wanaziona kila siku hata wamezizoea: soketi yenye joto, bomba la bafuni linalotekenya mkono, taa inayong'aa kupita kiasi kisha ikafifia. Msikilizaji atajuaje ipi aishughulikie mwenyewe, ipi amwachie fundi na ipi aipeleke kwa shirika la umeme?

Tuanze na mpaka wa madaraka, kwani wengi hupoteza siku nzima wakimpigia simu asiyehusika. Nguzo, nyaya za barabarani, transfoma na mita ni mali ya msambazaji. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 msambazaji mkuu nchini ni shirika la serikali la UEDCL, lililopokea kazi hiyo baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kumalizika. (Kwa sisi tunaozungumza Kiswahili lilikuwa jambo la kuchekesha kwamba neno letu la kawaida liligeuka jina la kampuni, na hadi leo mtu husema "Umeme wamekata umeme".) Yote yaliyo upande wa nyumba baada ya mita, yaani sanduku la breka, nyaya za ukutani, swichi, soketi na waya wa ethi unaoingia ardhini, ni jukumu la mwenye nyumba na fundi wake. Kwa hiyo, nyumba yako ikiwa gizani, chungulia kwanza kwa jirani. Naye akiwa gizani, tatizo ni la barabarani. Jirani akiwa na taa na mita yako ya Yaka ikionyesha kwamba yuniti zingalipo, tazama breka zako.

Breka ikianguka

Breka, ile swichi ndogo inayojiangusha yenyewe, huanguka kwa sababu mbili. Ama vifaa vimevuta umeme mwingi kuliko waya unavyostahimili, ama nyaya mbili zisizopaswa kukutana zimekutana. Njia ya kutofautisha ni rahisi, na kila mtu mzima anaweza kuifuata. Chomoa kila kitu kwenye soketi zote, usikisahau kile kilicho nyuma ya kabati. Inua breka mara moja. Ikisimama, rudisha vifaa kimoja kimoja. Kitakachoiangusha kitakuwa kimejitaja chenyewe, na dawa yake ni kwa fundi wa vifaa, si wa nyaya. Kila kimoja kikifanya kazi peke yake lakini vyote pamoja vikaiangusha, basi umezidisha mzigo. Na breka ikikataa kusimama wakati soketi ni tupu, usiinue mara ya pili wala ya tatu. Kila unapoilazimisha unapeleka cheche mahali pale pale ambapo ganda la waya limekwisha kuungua.

Hesabu ya mzigo haihitaji elimu kubwa: gawa wati za kifaa kwa volti 240 zinazotumika Uganda. Birika la wati 2,000 huvuta zaidi ya ampia 8, jiko la wati 1,500 ampia 6 na ushei, pasi ya wati 1,200 ampia 5. Jumla yake inakaribia ampia 20. Sasa fikiria chumba cha muzigo, ambamo familia nzima ina soketi moja na ekstensheni moja iliyonunuliwa sokoni. Plagi ya ekstensheni hiyo imeundwa kwa ampia 13, na aghalabu nyaya zake ni nyembamba kuliko hata ampia hizo 13 zinavyodai. Joto la waya nalo haliongezeki kwa kiasi kile kile cha umeme: umeme ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Ndiyo maana ekstensheni iliyobeba televisheni na chaji za simu kwa miaka mitatu bila kasoro yaweza kuyeyuka jioni moja baada ya kuongezewa jiko.

Wengi hawajui pia kwamba breka haina haraka na mzigo uliozidi kidogo. Breka ya ampia 20 ikipitishiwa ampia 25 yaweza kuvumilia kwa muda mrefu kabla ya kuanguka, na muda wote huo waya uliomo ukutani unapata moto. Kwa hiyo breka inayoanguka mara kwa mara kila jioni baada ya saa moja hivi ya mapishi imekwisha kueleza jambo lake. Anayemwita fundi aje abadilishe breka ya ampia 20 aweke ya 32 ili "isisumbue", bila kubadilisha waya, ameondoa mlinzi na kumwacha mwizi ndani. Fundi mwema atakataa. Kwa nyumba ambazo bado zina fyuzi za zamani za kufungwa waya, kosa hilo hilo hufanywa kwa msumari au kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Waya mwembamba wa fyuzi ya ampia 5 uliwekwa ili ukatike wenyewe kabla ya nyaya za taa kuwaka, ilhali msumari haukatiki.

Mambo mawili ambayo breka haiyaoni

Ingekuwa breka inaona kila hatari, makala haya yasingekuwa na maana. Yako mambo mawili ambayo breka ya kawaida haiwezi kuyatambua, na kwa maoni yangu ndiyo yanayostahili kuogopwa zaidi.

La kwanza ni kiungo kilicholegea. Skurubu ya soketi ikilegea, au nyaya mbili zikisokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe, umeme hupita kwa taabu mahali hapo. Taabu ndogo ya nusu omu tu, umeme wa ampia 10 ukipita, hutoa joto la wati 50. Hilo ni joto la chuma cha kulehemu redio, likiwa limefichwa nyuma ya plastiki, karibu na pazia au godoro. Breka haioni chochote, kwa maana ampia 10 ni halali kwake. Wa kuona ni wewe, kwa mkono na pua. Soketi inayopata joto baada ya pasi kutumika, uso wake ukageuka rangi ya kahawia, swichi inayotoa mlio kama wa nyuki, taa inayocheza kila mlango unapofungwa kwa nguvu: zote hizo ni dalili za kiungo kilicholegea. Harufu yake pia si lazima iwe ya moshi. Baadhi ya plastiki ngumu za soketi na swichi zikipata moto hutoa harufu inayofanana na ya samaki, na watu hutafuta jikoni kitu kilichooza siku mbili nzima ilhali ukuta unaungua. Ukiisikia harufu hiyo na hakuna samaki, zima swichi kuu kisha mwite fundi siku hiyo hiyo.

La pili ni mwili wa binadamu. Taa ndogo ya wati 9, kwa hesabu ile ile ya kugawa, hutumia takriban miliampia 38. Umeme wa kiasi hicho ukipita kifuani waweza kuuvuruga moyo na kuua. Breka ya ampia 20 inasubiri umeme unaozidi huo zaidi ya mara mia tano, basi haitamjua aliyeshika waya. Kwa sababu hiyo kikabuniwa kifaa kingine, kinachofanana na breka lakini chenye kitufe kidogo kilichoandikwa herufi T. Mafundi wengi hukiita kwa herufi ELCB au RCD. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa waya wa nyutro. Tofauti ikifika miliampia 30, maana yake kuna umeme uliopotelea njiani, pengine kwa kupitia mtu, nacho hukata katika sehemu ndogo ya sekunde. Hakimwokoi aliyeshika waya wa moto kwa mkono huu na nyutro kwa mkono ule, kwa kuwa kwake huyo ni sawa na taa tu. Hata hivyo hakuna kifaa kingine cha bei yake kinachookoa watu wengi zaidi.

Fungua sanduku lako la breka leo utazame kama kitufe hicho kipo. Kikiwapo, kibonyeze: umeme unapaswa kukatika papo hapo. Usipokatika, kifaa kimekufa na fundi anahitajika. Kisipokuwapo, huo nao ni wito wa fundi, hususan nyumba ikiwa na bafu la umeme. Na kama kipo lakini huanguka kila mvua inaponyesha, usikubali ushauri wa kukiruka kwa waya. Mvua imefika mahali isipopaswa kufika, labda kwenye taa ya nje au kwenye kiungo cha darini, na kifaa kinasema kweli.

Kandambili bafuni

Katika nyumba nyingi za kupanga, mgeni anapokwenda kuoga huambiwa avae kandambili. Wenyeji husema hivyo kwa ukarimu, bila wasiwasi, kana kwamba wanamwonyesha sabuni ilipo. Maana yake ni kwamba bomba la bafu la umeme limekuwa likiwatekenya, wakagundua kwamba mpira wa kandambili hupunguza makali.

Bafu la namna hiyo hupasha maji papo kwa papo na laweza kutumia wati 5,500, yaani karibu ampia 23, kwa hiyo linahitaji waya mnene wa peke yake na breka ya peke yake. Ndani yake kuna koili ya kupasha iliyo karibu sana na maji. Koili ikipasuka, maji hubeba umeme. Ethi ikiwa nzima, umeme huo hukimbilia ardhini na kifaa cha kinga hukata. Ethi ikiwa imekatika, au haikuwahi kufungwa, njia iliyobaki ni mwili ulioloa wa anayeoga. Kandambili iliyolowa maji si kinga, na mkono mwingine ukigusa bomba la chuma au ukuta wenye unyevu, kandambili haihusiki tena.

Hapa hapana jaribio lolote la kufanywa na mwenye nyumba. Zima swichi ya bafu, zima na breka yake, bandika karatasi pale ili mtoto asiwashe, na usioge kwa maji yanayotoka humo hadi fundi aje. Dalili hiyo hiyo yaweza kujitokeza kwenye mlango wa friji, kwenye sinki la jikoni au kwenye sufuria iliyo juu ya jiko, na hukumu ni moja. Fundi atachomoa vifaa, atapima koili, kisha ataupima waya wa ethi toka soketini hadi kwenye fimbo iliyozikwa ardhini. Fimbo hiyo huhitaji udongo wenye unyevunyevu. Iliyochomekwa nusu mita kwenye kichuguu cha mawe huweza kufanya kazi mwezi wa Aprili na isifanye mwezi wa Februari, jambo linaloeleza kwa nini nyumba nyingine "huuma" wakati wa kiangazi tu.

Shoti ipi, mama?

Sisi tunaotafsiri habari huhangaika sana na neno "shoti". Kiswahili cha mitaani hulitumia kwa nyaya mbili zilizogusana zikatoa cheche, kwa mtu aliyepigwa na umeme, na mara nyingine hata kwa moto ulioteketeza nyumba bila sababu kujulikana. Ndani ya habari twaweza kuchagua maneno mengine. Kwenye simu na fundi, utata huo unagharimu.

"Fundi, njoo, kuna shoti."
"Shoti ipi, mama?"
"Shoti tu, umeme hauko sawa."

Fundi huyo hajui kama aje mbio au aje kesho, wala hajui abebe nini. Afadhali kusema: "Breka ya soketi haisimami hata nikichomoa kila kitu", au "Nikigusa bomba la bafuni natetemeshwa", au "Soketi ya sebuleni imeungua, inanuka". Sema pia kama ni chumba kimoja au nyumba nzima, na kama ilianza baada ya mvua, baada ya kununua kifaa kipya au baada ya mtu mwingine kutengeneza. Swali hili la mwisho wengi hulificha kwa haya, nalo ndilo fundi analolihitaji kuliko yote.

Taa zinapong'aa mno

Taa zikififia kidogo birika linapowashwa, hiyo ni kawaida. Zikififia chumba kimoja na kung'aa kupita kiasi chumba kingine, au zikapanda na kushuka zenyewe kwa nguvu, usisubiri kutafakari. Zima swichi kuu.

Sababu yake inafaa kueleweka. Kutoka kwenye transfoma ya mtaa hutoka nyaya tatu za moto na nyutro moja inayotumiwa na wote. Kati ya waya wa moto na nyutro kuna volti 240, lakini kati ya waya wa moto na waya mwingine wa moto kuna volti 415. Nyutro ikikatika, nyumba zilizo kwenye nyaya tofauti hujikuta zimefungwa mkufu mmoja, zikigawana zile volti 415 bila usawa. Yenye matumizi makubwa hupata volti chache. Yenye taa mbili na televisheni hubebeshwa nyingi, na ndipo televisheni, friji na chaji huungua kwa pamoja, mtaa mzima ukasema umeme "ulikuja na nguvu". Ikiwa majirani wamepatwa na hali hiyo, huo ni wajibu wa UEDCL na nyumba isiwashwe hadi watengeneze. Ikiwa ni nyumba yako peke yake, kiungo cha nyutro chaweza kuwa kimelegea mitani, kwenye waya wa kuingilia au ndani ya sanduku lako. Toa taarifa kwa shirika, na umwite fundi pia.

Nyutro iliyokatika ndani ya nyumba ina dalili nyingine inayowachanganya hata wenye testa, ile bisibisi yenye taa. Ukichomeka testa kwenye soketi isiyofanya kazi, taa ikawaka kwenye matundu yote mawili, usidhani umeme umezidi. Mara nyingi maana yake ni kwamba nyutro imekatika, na umeme unapita kwenye taa au kifaa kilichowashwa mahali pengine ukaja kusimama upande wa pili. Soketi hiyo imekufa kwa birika lakini iko hai kwa kidole. Testa hukuambia kwamba umeme upo. Haikuambii kama ethi ni nzima, wala giza lake si hakikisho la usalama.

Wala rangi za nyaya zisikudanganye. Katika kebo za zamani, nyekundu ni ya moto na nyeusi ni nyutro. Katika kebo za mtindo wa sasa, kahawia ni ya moto na buluu ni nyutro, na kwenye umeme wa nyaya tatu nyeusi yaweza kuwa ya moto. Nyumba iliyoongezwa vyumba baada ya miaka ishirini huwa na rangi zote hizo nyuma ya ukuta mmoja. Kubadilisha balbu, kubadilisha fyuzi ya plagi kwa nyingine ya ampia zile zile, kuinua breka mara moja: hayo ni ya mwenye nyumba. Kufungua ukuta kwa kukisia rangi si yake.

Fundi ni nani?

Sheria ya Umeme ya 1999 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, na miongoni mwa kazi zake ni kutoa vibali kwa mafundi wanaofunga umeme majumbani na viwandani. Vibali hivyo vina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi, na vina muda wa kuisha. Nyumba mpya haipaswi kuunganishwa kabla ya fundi mwenye kibali kuthibitisha kwa maandishi kwamba nyaya zimefungwa na kupimwa. Mwombe fundi akuonyeshe kibali chake na utazame tarehe. Asiyekuwa nacho atakasirika. Mwenye nacho huwa kinakaa mfukoni.

Mitaani kuna pia yule ambaye watu wa Kampala wanamwita kamyufu. Huja usiku, hupanda nguzo bila mkanda, huunganisha nyumba nzima bila mita na kuondoka na fedha taslimu. Umeme wake haupiti kwenye ulinzi wowote, na nyaya zake huonekana zikining'inia juu ya njia za watoto. Mpangaji aliyehamia nyumba ambayo haijawahi kulipiwa umeme hana budi kujiuliza unatoka wapi.

Hata hivyo kibali peke yake si kila kitu, na nitasema wazi jinsi ninavyompima fundi: namtazama dakika kumi za mwanzo. Anayestahili huuliza maswali, huzima swichi kuu, kisha hupima tena ahakikishe kweli imezima kabla ya kugusa. Akimaliza hupima ethi, hubonyeza kile kitufe cha T mbele yako, na hufunga viungo kwa skurubu ndani ya kisanduku badala ya kuvisokota na kuvificha kwa utepe. Akiwa anarekebisha nyumba iliyoingiliwa na mafuriko, kama hutokea Bwaise kila mvua kubwa, huja na kipimo kinachosukuma volti 500 kwenye nyaya zilizozimwa ili kujua kama maganda yake bado yanazuia umeme. Hakuna macho yanayoweza kuona hilo. Na maji yakiwa yamefika kwenye soketi, usiyakanyage kwenda kuzima swichi. Toka nje, liarifu shirika likate kwenye nguzo.

Kwa mpangaji, swali la nani alipe ni zito. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inamtaka mwenye nyumba aikodishe nyumba inayofaa kukaliwa na binadamu, na bafu linalopiga watu kwa umeme ni vigumu kulitetea mbele ya kipimo hicho. Tuma ujumbe wa maandishi, weka na picha ya soketi iliyoungua, utunze nakala. Mwenye nyumba anayechelewa kujibu simu huwa mwepesi zaidi kujibu kitu kilichoandikwa tarehe.

Ikiwa ajali imekwisha kutokea, mpangilio ni huu: kata umeme kwanza. Usimguse aliyenaswa kabla ya hapo. Ikiwa swichi haifikiki, simama mahali pakavu, msukume waya kwa mti mkavu. Aliyepigwa na umeme apelekwe hospitali hata kama amesimama na kucheka, maana moyo waweza kuyumba baadaye. Moto wa umeme usimwagiwe maji; mchanga mkavu au kizima moto cha unga ndicho kifaacho. Waya ulioanguka barabarani usisogelewe, kaa mita kumi au zaidi na uwaite wahusika.

Jenereta na umeme wa jua

Limebaki jambo moja linalozidi kuenea vijijini na mijini. Umeme ukikatika, wako wanaochukua waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi, na nyumba nzima ikawaka. Swichi kuu ikisahauliwa, umeme huo hutoka nje ya nyumba na kufika kwenye transfoma. Transfoma inayoshusha volti 11,000 huweza kuzipandisha ikilishwa kutoka upande wa pili, na fundi wa UEDCL aliye juu ya nguzo, anayejua kwamba laini imezimwa, hukutana nazo. Jenereta hufungwa kwa swichi ya kubadilisha njia, ambayo haiwezi kuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na huifunga fundi mwenye kibali.

Sola ndogo za taa tatu na chaji ya simu, zinazokuja kwenye boksi na plagi zake, mtu yeyote aweza kuzifunga. Mitambo mikubwa yenye betri na inverta ni habari nyingine. Paneli haizimiki maadamu jua liko juu. Betri ya volti 12 haikutetemeshi ukiigusa, lakini spana ikiangukia vichwa vyake viwili hugeuka nyekundu kwa joto mkononi mwako. Na inverta ikishatoa volti 240, kanuni zote za hapo juu zinarudi, pamoja na moja ambayo wauzaji wengi hawaitaji: ikiwa nyutro ya inverta haikuunganishwa na ethi ipasavyo, kile kifaa chenye kitufe cha T chaweza kukaa kimya siku kitakapohitajika. Muulize fundi swali hilo kabla hajaanza kufunga paneli ya kwanza juu ya bati.